Ile H ya Uboho

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara, nyoosheni mikono yenu mbele muitazame. Ikitetemeka kidogo, vizuri. Mimi nilifanya kazi ya maabara mpaka nywele zikageuka rangi, na mtu asiyetetemeka hata kidogo anapopokea sampuli ya uboho namwogopa. Nilitetemeka mpaka wiki ya kustaafu. Hata sasa, nikiwa nimekaa zangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, namenya viazi, simu ikilia ghafla moyo hunienda mbio kana kwamba wodini wananiita.

Jina langu ni Marigu. Miaka ya tisini nilikuwa katika hospitali ndogo ya misheni kati ya Embu na Meru. Sitaitaja, kwa sababu kosa nitakalowasimulia ni langu, si la kuta zake. Tulikuwa na darubini mbili, moja nzima na nyingine ya kutoa vipuri. Kidude cha kuhesabia seli kilipoharibika tulihesabu kwa maharagwe, seli za aina hii bakuli hili, za aina ile bakuli lile, na siku moja mfagiaji akayapeleka jikoni yakapikwa. Ninyi mnacheka. Mimi nililia, maana nilikuwa nimehesabu tangu asubuhi.

Na mende. Hakuna aliyenionya shuleni kwamba mende hula damu iliyopakwa kwenye slaidi. Unaziacha usiku mezani zikauke, asubuhi unakuta mistari mistari kama shamba lililoingiwa na mbuzi. Mwezi wa Julai nao, ukungu unaposhuka huku kwetu na hakuna kinachokauka, slaidi yenye unyevu ikitiwa rangi seli zote huonekana zina matundu. Niliwahi kuandika kwamba mzee mmoja ana ugonjwa wa ajabu kabisa, kumbe ni Julai tu. Basi tulizipunga hewani mpaka bega likauma, kisha tukazifunika kwa beseni. Ndivyo tulivyoishi, na woga ulikuwa sehemu ya vifaa.

Aliyenifundisha haya yote ni Bwana Mutwiri, mkuu wetu wa maabara, Mmeru wa Nkubu, mtu mrefu, mpole, asiyeweza kukaa chini bila kukung'uta kiti kwanza. Herufi h haikuwa rafiki yake. Aliiacha pale inapotakiwa na kuiweka pasipohitajika, kama watu wengi wa huku kwetu. Sasa, wote tunajua uboho, ule urojo mwororo ulio ndani ya mfupa, ambao ukinywa supu unaugongagonga utoke. Humo ndimo damu inamotengenezwa. Siku moja daktari alikuwa anataka kumtoa mgonjwa uboho, na Bwana Mutwiri akasimama mlangoni pa wodi, akatangaza kwa sauti ya kanisani kwamba amekuja kuuchukua. Ile h akaidondosha.

Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyezaliwa Mombasa. Alitoka nje na trei yake, akajifungia stoo, na tulimsikia akicheka huko kwa muda mrefu. Bwana Mutwiri hakuelewa mpaka alipoelezwa kwa kunong'onezewa na mwanamume mwenzake. Kuanzia siku hiyo neno lile likapigwa marufuku maabara kwetu. Tukawa tunasema "maro", kwa Kiingereza chetu cha haraka, au tunasema tu "ile kitu ya mfupa". Nilicheka kuliko wote. Sikujua kwamba kuliogopa neno lile kungekuja kunigharimu.

Gicuku aliletwa mwishoni mwa miaka hiyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Karurumo, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mwandiko mzuri hata kwenye fomu ya hospitali. Ufizi ulikuwa unamtoka damu, homa haishuki, na akipanda ngazi mbili anashika ukuta. Mama yake, mkulima, mjane, alikuwa amekaa naye kwenye benchi, amemshikia kikapu, na kila mtu mwenye koti jeupe alimwita daktari, hata mimi.

Nilipaka damu yake nikaitazama. Seli changa zilijaa kila pahali, kubwa, zisizojua kazi, na chembe za kugandisha damu zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Nilimwita Bwana Mutwiri. Alitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena, kisha akasema, "Aya. Ita daktari. Tutaitaji ile kitu ya mfupa."

Daktari wetu alikuwa Mluo, kijana, amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, na yeye ndiye aliyeingiza sindano nyuma ya nyonga. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na slaidi tayari, kwa sababu uboho ukitoka haukupi nafasi ya kupiga chafya kabla haujaganda. Mnapaswa kutafuta punje ndogo ndogo nyeupe ndani ya damu. Pasipo na punje hizo, mmepata damu tu, mnajidanganya. Daktari alivuta. Hakuna kitu. Akavuta tena. Sindano kavu.

Nikaanza kufunga vifaa, nikidhani tumekosea mahali. Bwana Mutwiri akanishika mkono. "We Marigu, sindano kavu pia ni majibu. Imekauka kwa sababu uko ndani kumejaa mpaka akuna nafasi. Mwambie daktari akate kapande ka mfupa. Na usikatumbukize kwa dawa kwanza. Kalete apa."

Kikatolewa kijipande chembamba kama kijiti cha kiberiti. Akakiviringisha polepole juu ya slaidi, bila kukandamiza, kikaacha alama ya seli zake kwenye kioo, ndipo kikaingia kwenye chupa. Andikeni hilo mahali: sindano ikitoka kavu, viringisheni kipande juu ya kioo. Jioni ile tuliona kwenye alama zile jibu lote. Ilikuwa saratani ya damu.

Kipande chenyewe kilibaki kwenye asidi kilainike kabla ya kukatwa. Hapo pia kuna ujuzi. Ukikitoa mapema, kisu kinakivunja. Ukikisahau, kama nilivyowahi kusahau kingine Ijumaa mpaka Jumatatu, unakuta uji. Cha Gicuku nilikipindapinda kwa koleo kila baada ya saa chache, na sikwenda chakula cha mchana, kwa kuogopa tu. Kikalainika vizuri. Tukakikata, tukakitia rangi, daktari akakaa kwenye ile darubini nzima, na baadaye akaniita nitazame.

"Unaona hizi shimo ndogo ndogo zenye ukuta mwembamba?" akaniuliza. "Hiyo ni mishipa ya damu. Hesabu."

Nilishindwa kuhesabu. Zilikuwa kila mahali.

Akanieleza kwamba watu wa utafiti walikuwa wameanza kuitazama mishipa hiyo kwa jicho jipya. Kwa muda mrefu tulidhani saratani ya damu haina haja ya kujitafutia mishipa, kwa kuwa tayari imo ndani ya damu. Kumbe huko ndani ya mfupa seli mbaya huita mishipa mipya iote, na mishipa ile nayo huzilisha na kuzilinda. Mimi nililielewa kwa habari ya mradi wetu wa maji kijijini. Mtu mmoja akijitobolea bomba lake, na mwingine lake, mabomba yanakuwa mengi kila kona lakini yanavuja, na maji hayafiki kwa mzee aliye mwisho wa laini. Dawa nayo husafiri kwa mabomba hayo hayo. Ndiyo maana daktari alikuwa na haraka. Alitaka Gicuku aende Nairobi aanze dawa kabla hali haijawa mbaya zaidi.

Aliwapigia Nairobi, wakasema kitanda kitapatikana siku ya Ijumaa. Kisha akaniambia, "Marigu, mimi Kiembu sijui, na huyu mama Kiswahili yake ni kidogo. Muelezee. Mwambie ni saratani ya damu, iko kwa maro, mishipa imekuwa mingi, na dawa iko Nairobi. Mwambie msichana asiumizwe mahali popote, damu yake haigandi. Ijumaa asubuhi wakuwe hapa."

Hayo ni maneno machache. Mtoto angeweza kuyafikisha. Lakini nilipofika kwenye benchi, yule mama alinitazama kwa matumaini makubwa mno, na Gicuku alikuwa amelala amejiegemeza begani kwake, mdomo wazi kidogo. Neno saratani nikashindwa kulitoa. Uboho, neno nililolijua kwa Kiswahili tu, nikaogopa kulisema, nikikumbuka kicheko cha stoo. Nikatafuta njia ya katikati. Nikamwambia kwa Kiembu kwamba mtoto wake ana shida ya mishipa ndani ya mifupa, imekuwa mingi, imejisonga, na ni lazima ishughulikiwe haraka, kwa hiyo Ijumaa warudi tumpeleke Nairobi. Nikaona nimesema kwa upole. Nilijipongeza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika lugha yetu neno ni moja tu. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, ile kano inayokaza nyuma ya goti ukipanda mlima na gunia, zote huitwa jina lile lile. Kiswahili nacho hakinisaidii, mshipa ni mshipa. Na kila mtu kule chini Karurumo anajua mishipa iliyojisonga inatibiwa na nani. Inatibiwa na mkandaji. Yule mama alinishukuru sana. Uso wake ulifunguka kwa faraja, na mimi, mjinga, nikafurahi kuuona ukifunguka. Habari ya damu kutoganda niliisahau kabisa.

Ijumaa hawakuja. Nilikaa maabara nikisikiliza kila gari linaloingia getini. Daktari aliuliza mara tatu. Jumamosi nikajiambia labda wamekosa nauli, Jumapili labda kanisani. Jumatatu Nairobi wakasema kitanda kimepewa mwingine, lakini kipo kingine wakiharakisha. Siku hizo hakuna simu ya mkononi, kule kwao kulikuwa na simu moja dukani na ilikuwa imekufa. Nilituma barua kupitia dereva wa gari la maziwa. Sikulala vizuri. Nilikuwa narudia kichwani kila neno nililosema pale kwenye benchi, na kila nikirudia, neno moja lilinichoma zaidi, ila sikutaka kuliangalia usoni.

Siku ya tisa nikaomba ruhusa, nikaenda mwenyewe. Pale Karurumo mwalimu mwenzake akanionyesha njia ya kwao. Mama alikuwa uani anapepeta maharagwe. Aliponiona alifurahi kweli kweli, akainuka kunisalimu, akaniletea kiti.

"Daktari, karibu. Ulisema ukweli. Ile mishipa tuliipata."

"Mliipata wapi, mama?"

"Kuna mama wa Ishiara anajua kukanda. Amekuja mara tatu. Tulijua Nairobi ni mbali na huyu hana nguvu, tukasema akandwe kwanza, apate nguvu ya safari. Mgongo imelainika. Imebaki tu ya miguu."

Niliingia ndani bila kungoja chai. Gicuku alikuwa amelala kifudifudi, nyumba inanukia mafuta ya mbarika. Mama yake akainua shuka kunionyesha kazi ilivyokwenda vizuri. Mgongo wote ulikuwa mweusi. Si weusi wa ngozi, ni weusi wa damu iliyomwagika chini yake, kutoka mabegani mpaka kiunoni, na alama za vidole zilionekana mojamoja. Yule mkandaji hakuwa mtu mbaya. Mikono yake ingeninyoosha mimi bega langu la Julai. Alikuwa ametibu ugonjwa nilioutaja mimi.

Nikapiga magoti pale kitandani nikamwambia Gicuku yote. Nikasema saratani. Nikasema damu yako haigandi. Nililia nikisema, na mama yake amesimama mlangoni ameshika shuka. Gicuku alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, ya darasani, ya mwalimu anayetaka kujua kosa lilianzia wapi.

"Lakini mimi nilikuwa tu hapo kwa benchi. Mbona hukuniambia mimi?"

Nikatoka mbio kutafuta gari.

Tulimtoa kwa gari la mwalimu mkuu wa shule yake. Njia nzima nilimshikilia asigonge ubavu mlangoni. Hospitali hatukuwa na chembe za kugandisha damu peke yake kama mnavyopata ninyi sasa. Tulihitaji damu mbichi, ya siku ile ile, ya kundi lake. Bwana Mutwiri alisoma kundi kwenye fomu, akakung'uta kiti, akakaa, akakunja mkono wa shati. Wakati damu yake inateremka kwenye mfuko nilimsimulia nilichofanya. Nilitarajia anifukuze.

Aliutazama mfuko. "Chupa ukipewa, unafanya nini kwanza?"

"Nasoma jina, namrudishia kwa sauti aliyeleta, naye anathibitisha."

"Basi mbona neno ulimpa mtu bila kurudishiwa?" akasema. "Uliogopa kulisema. Ata mimi nililisema vibaya, wakacheka, na sikufa. Kuanzia leo, ukimweleza mtu, mwambie akueleze na yeye. Ukisikia kitu ingine imerudi, apo ndio ujue."

Hiyo ndiyo njia yangu ya kazi tangu siku hiyo, na ndiyo ninayowaachia. Nachukua karatasi, nachora mfupa, nachora mishipa ndani yake, nasema ugonjwa kwa jina lake, halafu nageuza kalamu nampa yeye: nieleze ulivyosikia. Mtaona aibu mwanzoni. Mtaona inakula muda. Fanyeni hivyo hivyo.

Gicuku alifika Nairobi akiwa hai. Dawa zilimnyoa nywele zote na zikamkondesha, lakini zilifanya kazi. Baada ya miezi alirudi, na kila mwezi alikuja kwetu kupimwa damu, kichwa amekifunga kitambaa cha njano, akinitania kwamba mikono yangu inatetemeka kuliko yake. Kila alipokuja niliogopa kuiweka slaidi yake chini ya darubini. Nilianzia pembeni, nikienda polepole, nikitafuta zile seli changa na kuomba nisizione. Siku moja aliniuliza, "Kwani hii kitu mnatoa ndani ya mfupa jina yake halisi ni nini? Wote mnasema maro, maro."

Nikatazama mlangoni kwanza, ndipo nikamtajia kwa kunong'ona. Akarudia. Ile h ikamtoroka, kama inavyotutoroka wote, nikamsimulia habari ya Bwana Mutwiri na muuguzi wa Mombasa. Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akatoa kalamu, akaliandika neno kwenye kiganja chake, na akaifanya ile h kubwa kuliko herufi nyingine zote.

Alifundisha mihula miwili. Katika muhula wa tatu nilizikuta seli zile tena, pembeni kabisa mwa slaidi, mbili, kisha nne. Daktari alinieleza kwamba seli nyingine hujificha huko ndani, karibu na kuta za mishipa, dawa inapita na hazifi, zinangoja. Leo mnajua zaidi kuliko tulivyojua. Nimesikia wapo wanaotafuta namna ya kuitengeneza mishipa yenyewe ili dawa ifike vizuri. Mimi nilijua tu kwamba nimeziona, na kwamba ni lazima nimwambie yeye, kwa jina, nikimtazama usoni. Nilimwambia. Alinirudishia maneno yangu yote sawasawa, bila kukosea, na akasema asante.

Tulimzika kwao. Mama yake alinishika mkono pale kaburini akaniuliza jambo ambalo nilijua ataniuliza.

"Daktari, ni zile siku tisa?"

"Sijui, mama," nikasema. "Na daktari hajui. Lakini kosa lilikuwa langu, halikuwa lako."

Hakuuachia mkono wangu.

Miaka kadhaa kabla ya kustaafu aliingia maabara mama mmoja kijana, amembeba binti yake mgongoni, fomu mkononi. Mtoto alikuwa mweupe midomo. Nilitoa karatasi yangu, nikaanza kuchora mfupa, nikamwuliza kama ameelezwa wametumwa kufanya nini.

"Ndiyo," akasema. "Tumetumwa atolewe uboho."

Alilisema kwa sauti, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, na h yake ilisikika mpaka dirishani. Kalamu ikanisimama. Nikamwuliza neno hilo amelitoa wapi, maana huku kwetu hata madaktari hulikwepa.

"Shule, huko Karurumo. Darasa la sita," akasema. "Tulikuwa na mwalimu alikuwa anafunga kitambaa ya njano. Alituandikia kwa ubao, tukaanza kucheka. Akasema tucheke tumalize, halafu kila mtu asimame aseme, mmoja mmoja, mpaka h itoke. Alisema kuna siku mtu atahitaji kulisikia vizuri."